Wa Mgongoni Hahesabiwi

Tulipomzika Mzee Misana kule Nyakahura, kijana aliyesoma wasifu wa marehemu alisema kwamba katika miaka yote ambayo mzee alikuwa mwenyekiti wa mwalo, hakuna abiria hata mmoja aliyezama. Watu wakatikisa vichwa kumsifu marehemu. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye mkeka, upande wa wanawake, nikasikia baridi ikinipanda miguuni saa saba mchana, jua likiwa utosini. Mama aliyekaa jirani yangu akaniuliza kama nina homa. Nikamwambia ni uchovu wa safari. Maneno ya yule kijana ni ya kweli. Ningeitwa kutoa ushahidi ningesema ni ya kweli, maana aliyekuwa akiandika daftari la abiria ni mimi, na ndani ya daftari lile hakuna mtu aliyezama. Lakini nilishtuka jinsi ukweli ulivyoweza kukaa vizuri hivyo mdomoni mwa mtu asiyejua kitu. Mzee na mimi ndio tuliojua habari nzima, na Deo nahodha aliyekwisha kutangulia, na sasa nimebaki peke yangu na habari hii. Kwa hiyo naisema.

Ulikuwa mwaka wa pili wa wakimbizi. Enzi hizo wilaya ya Biharamulo ilifika mpaka ziwani, na mwalo wetu, ambao sitautaja jina kwa sababu watu wake bado wapo, ulikuwa mstari wa vibanda, mitumbwi iliyovutwa nchi kavu, na uwanja wa kuanikia dagaa. Habari za ukoo wangu hazihusiki hapa. Itoshe kwamba nilitoka Nyamiaga, Ngara, nikiwa na miaka ishirini, cheti cha kidato cha nne na mwandiko mzuri, na kwamba mwandiko ndio ulionipa kazi. Nilipanga chumba kwa Mama Hadija, mjane wa Kizinza aliyekuwa akikaanga samaki mbele ya nyumba yake. Ukuta kati ya chumba changu na chake haukufika kwenye bati, kwa hiyo kila alichosema kilivuka, na yule mama alikuwa na maneno. Nilijua nani kamwacha nani, nani kauza turubai la msaada, nani kakata nyavu za jirani, yote hayo nikiwa nimelala chali kitandani. Dirisha langu lilitazama kamba yake ya kuanikia nguo. Jioni tulikula pamoja, ugali wa muhogo na mchuzi wa sato, na mimi niliyekulia kwenye ndizi niliumeza ule ugali bila kutafuna, macho yakinitoka. Mama Hadija alikuwa akinicheka. "Mwanangu, wewe hauli, wewe unakunywa dawa!"

Mwaka uliotangulia watu wa pale walikataa kula samaki kwa miezi, na kila aliyeishi Kagera anajua mto ulikuwa umeleta maiti wangapi ziwani kutoka ng'ambo ya mpaka. Nilipofika walikuwa wameanza kula tena, ila Mama Hadija hakuwahi kumpasua sangara mkubwa bila kutaja jina la Mungu na kugeuza uso pembeni. Sasa fikiria, katika ziwa lilelile, Jumapili moja zikashuka gari tatu nyeupe za watu wa misaada, madereva, manesi na wazungu wanne, wakavua nguo wakaingia majini. Waliogelea. Walirushiana mpira. Mwalo mzima ulisimama kutazama, kina mama wameshika vinywa. Sikuwahi kuona mtu mzima akiingia ziwani hana ndoo, hana wavu, hana sabuni. Jumapili iliyofuata walirudi, na safari hii wakataka mtumbwi wa injini wa kuwapeleka kwenye kisiwa kidogo kilichokuwa mbele ya ghuba yetu, wakale huko, wacheze, warudi jioni. Leo naelewa kwamba watu wanaoshinda na vifo juma zima walihitaji mahali pa kupiga kelele za furaha wasionekane. Siku ile niliona ni wendawazimu mtupu, na nilimwandikia dada yangu barua ndefu kumweleza.

Mzee Misana hakushangaa. Yeye aliona jela. Alikuwa mtu mrefu, mkavu, mvuvi tangu utotoni, na r na l kwake zilikuwa kitu kimoja. "Kalani," aliniambia, "mvuvi akifa hapa tunalia siku tatu, basi. Hawa wakifa, zitakuja ndege. Andika shelia." Tulikaa siku mbili kwenye kibanda cha mwalo, yeye akisema, mimi nikiandika, Deo akikaa mlangoni na kuongeza yake. Mtumbwi wa matembezi usibebe zaidi ya watu kumi na wawili, mbali na nahodha. Mlevi asipande. Ziwa likichafuka hakuna kutoka, hata aje mkubwa gani. Kuoga ni upande wa mchangani, wanawake kwao na wanaume kwao, na mtu asivuke mawe kwenda upande wa matete, kwa sababu huko ni kwa viboko. Maboya ya kuvaa hatukuwa nayo, tukakubaliana kila abiria apewe dumu moja tupu, kifuniko kimekazwa, lina kamba ya kupitisha mkononi. Jina la kila mtu liandikwe daftarini kabla hajatia mguu mtumbwini. Niliziandika kwenye ubao kwa rangi nyeusi, herufi zimesimama wima, na nilikuwa nikipita mbele ya ubao ule mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Nilijiona mtu.

Sheria moja ndiyo iliyonitoa jasho. Juma la kwanza alikuja mama mmoja na watoto wawili, akitaka kuvuka kwenda kisiwani, nikamnyooshea kidole yeye, kisha mtoto, kisha mtoto: mmoja, wawili, watatu. Yule mama alipiga yowe mpaka waanika dagaa wakasimama. "Unanihesabia watoto kwa kidole? Nimekukosea nini?" Nilipaswa kujua. Hata kwetu Ngara mama akiulizwa ana watoto wangapi hujibu kwamba wapo, Mungu anasaidia, na maongezi yanahamia kwenye mvua. Kuhesabu watoto wa mtu ni kuwaita ubaya. Kesi ikapelekwa kwa mzee, na kina mama sita walikuja kunishitaki, mmoja akasema karani mwenyewe hajazaa, atajuaje. Mzee akafikiri, akakata shauri. "Anayetembea kwa miguu yake ni abilia, atasema jina lake mwenyewe. Wa mgongoni si abilia. Wa mgongoni ni mama yake." Watu wakaona ameamua kwa busara, hata mimi niliona hivyo, nikachovya brashi nikaongeza chini ya zile nyingine: mtoto wa mgongoni hahesabiwi.

Hazikupita Jumapili mbili kina mama wakawa wameshaelewa. Watoto waliofika mwaloni wakikimbia na kurusha mawe, wakifika karibu na meza yangu walikuwa wamefungwa mgongoni, magoti yametokeza huku na huku. Miaka minne, miaka mitano, mmoja alikuwa na meno ya mbele yaliyong'oka. Nilijitia hamnazo. Tulikuwa tukichekeana, mimi na wale mama, na Mama Hadija alisema kwamba tangu nianze kazi watoto wa pale wameacha kukua. Wakimbizi walijifunza haraka kuliko wote. Kule makambini walihesabiwa mchana na asubuhi, kila kichwa na chakula chake, na mtu alijitahidi vichwa viwe vingi. Kwetu, nafasi zikiwa kumi na mbili tu, ilikuwa heri kichwa kipungue. Nakumbuka nikiwaza jambo hilo na kuliona la kuchekesha.

Jumatatu ya Pasaka wale watu wa magari meupe waliamua kuwapa wafanyakazi wao matembezi. Wao wenyewe hawakupanda. Walileta wapishi, walinzi na wafua nguo, wengi wao Warundi, wamevaa nguo za kanisani, wamebeba sufuria la wali na kreti moja ya soda. Ziwa lilikuwa shwari. Nilikaa mezani nikaandika jina moja moja, Deo akigawa madumu. Wa kumi na wawili alikuwa mwanamke mwembamba aitwaye Spesioza, mfua nguo, aliyevuka mpaka pale Kabanga kwa miguu na hakuwa na mtu mwingine duniani ila huyo aliyekuwa mgongoni. Alinisalimia kwa Kirundi nami nikamjibu kwa Kihangaza cha kwetu, maana lugha hizi mbili zinasikilizana, akafurahi mpaka akanishika mkono. Chini ya mbeleko, karibu na magoti yake, ilining'inia miguu miwili yenye viatu vyekundu vya plastiki.

"Huyo mtoto mbona mkubwa hivyo?" nilimtania.

"Anaumwa miguu, dada karani."

"Miguu yenyewe inakaribia kufika chini!" alisema mlinzi mmoja, na mtumbwi mzima ukacheka, Spesioza akacheka, na mimi nikacheka huku naandika. Kitenge kilikuwa kimemfunika mtoto mpaka utosini. Kwenye pindo palikuwa na upenyo, na katika ule upenyo niliona jicho moja likinitazama. Tulitazamana. Halafu mkono mdogo ukavuta kitenge, upenyo ukafumba. Ningeweza kusema. Angekuwa wa kumi na tatu, mama yake angeshuka, wangekaa mchangani na wazungu, na mimi nisingekuwa na habari ya kusimulia. Niliandika Spesioza, nikapiga mstari chini, nikamwashiria Deo aondoke.

Walipinduka mbele ya macho yetu, pale matete yanapokutana na maji marefu. Kiboko aliibuka upande wa kushoto, mbali, hakuwagusa wala hakuwa na habari nao. Ila watu wale walikuwa hawajawahi kuona kiboko, wakasimama wote na kwenda upande mmoja kumwona. Kutoka nchi kavu niliona ubavu wa mtumbwi ukiinuka, rangi ya kijani ya chini ikatokea, na sauti ya kupinduka ikatufikia baadaye, watu wakiwa tayari majini. Nilisimama tu mpaka Mzee Misana aliponivuta mkono. "Chukua daftali!" Mitumbwi saba ya wavuvi iliondoka kwa pamoja, na mimi nikawa katika wa mzee, nimesimama katikati, daftari kifuani.

Hapo ndipo nilipojivunia kazi yangu kuliko siku nyingine yoyote ya maisha yangu, na ndiyo maana naona aibu mpaka leo. Nilikuwa nikiita majina kwa sauti ya darasani. "Yohana!" "Nipo!" "Tereza!" "Huku, niko huku!" Madumu ya njano yalikuwa yameenea majini na chini ya kila dumu palikuwa na kichwa, vikohozi, sala. Kila aliyevutwa nilimpiga alama. Spesioza ndiye aliyekuwa wa mwisho. Hakuwa na dumu. Alikuwa amelala kifudifudi juu ya maji, Deo akamfikia kwa kuogelea, wakamwingiza katika mtumbwi wa jirani wakambana tumbo mpaka akatapika. Alikuwa anapumua, macho yamefumba, hasemi. Nikapiga alama ya kumi na mbili. "Wametimia!" nilipaza sauti, "wote kumi na wawili, na Deo!" Mitumbwi yote ikashangilia. Mzee alizunguka mara moja kandokando ya matete kukamilisha kazi, mimi nimesimama na daftari langu wazi, kisha tukarudi.

Mfikirie mtu yeyote aliyeona yale mambo kutoka mchangani. Watu kumi na watatu wametumbukia ziwani mle na watu kumi na watatu wametoka. Wazungu walilia. Nesi alimlaza Spesioza katika gari, Mama Hadija na wanawake wengine wakamvua nguo zilizolowa na kumfunika mablanketi, gari likaondoka kwa kasi kwenda hospitali. Waliobaki walianza kuimba zaburi, kisha nyimbo zao nyingine, ngoma ikatafutwa. Mzee Misana alisimama juu ya mtumbwi akaonyesha ubao. "Mmeona shelia? Mmeona kazi ya dumu?" Watu walinibeba, ndiyo, walinibeba juujuu, mimi Leokadia, na kunizungusha mbele ya vibanda. Sufuria la wali lilikuwa limekwenda chini ya maji, kwa hiyo kila nyumba ilipika, na mpaka saa nane mwalo ulinukia samaki wa kukaangwa kutoka mwanzo mpaka mwisho.

Nilikula chumbani, nimechoka na nafsi imejaa. Ulikuwa wali, na sato mzima aliyetoka jikoni kwa Mama Hadija, na nilikula kwa hamu ambayo sikuwahi kuwa nayo tangu niondoke kwetu. Nje, kwenye kamba, kulikuwa na nguo za Spesioza zilizofuliwa tope, gauni, sketi ya ndani, na kitenge kimoja cha rangi ya machungwa. Upande wa pili wa ukuta Mama Hadija alikuwa akimsimulia jirani. "Hii mbeleko ilinisumbua, mwenzangu. Fundo la kiunoni limekazwa na maji, nimelifungua kwa meno. La kifuani lilikuwa limeshafunguka."

Jirani akauliza, "Na mtoto nani alimpokea?"

"Mtoto gani?"

"Si ulisema mbeleko."

Nilikuwa nimetazama kile kitenge, kimetandazwa vizuri juani, upepo unakichezea, na tonge la wali lilikuwa kinywani mwangu, sikuweza kulimeza wala kulitema. Naijua saa ile mpaka leo. Nikila samaki naikuta palepale. Mtu hushtuka kwa mambo anayoyaona ghafla. Mimi nilishtuka kwa jambo nililoliona asubuhi, kwa macho yangu mawili, nikalicheka, halafu nilipoulizwa na maji yenyewe nikafungua daftari na kulisoma kama vile macho sina. Ile miguu yenye viatu vyekundu ilinirudia yote. Jicho lilinirudia. Nilitoka mbio, mikono ina mafuta, nikampita Mama Hadija aliyekuwa amekaa chini ukumbini, kanga mdomoni.

Kila mtu niliyemuuliza alikuwa na jibu zuri. Deo alidhani mtoto yuko garini na mama yake. Tereza alidhani manesi wamemchukua. Walinzi walidhani wanawake wanaye. Hakuna aliyesema uongo, na hakuna aliyekuwa amemwona. Mzee Misana alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akakaa juu ya jiwe na kuvua kofia yake. Nilimwona uzee umemwingia palepale. "Sisi ndio tumesema si mtu," alisema. Baadaye Deo alileta madumu, tukayapanga chini ya ubao. Yalitoka kumi na matatu, moja likiwa la Deo, yakarudi kumi na mawili. Dumu la Spesioza halikuwa mkononi mwake kwa sababu alikuwa amempa mtu.

Tulirudi majini saa kumi, mtumbwi mmoja tu, kwa sababu wavuvi wengine walikuwa wamekwisha kunywa. Hapo ndipo nilipogundua jambo jingine. Nilikuwa na majina kumi na mawili kwa herufi nzuri, na la huyu tuliyekuwa tukimtafuta hakuna aliyelijua. Niliita, "Mtoto! Mtoto wa Spesioza!" kwa Kiswahili, kisha kwa Kihangaza, kisha kwa Kirundi nilichokiokoteza. Deo alizima injini tukapiga makasia polepole kando ya matete. Bata maji waliruka. Mara moja nilidhani nimeona mafunjo yakitikisika, tukasogea, yakatulia. Jua lilipogusa maji mzee alisema turudi, viboko wanatoka. Mchangani palikuwa na dereva wa gari jeupe akitusubiri, uso umekunjuka, analeta habari njema. Spesioza alikuwa amezinduka. "Neno la kwanza ameuliza mtoto," dereva alisema. "Tumemwambia atulie, yuko huku kwenu, anakula."

Usiku huo hakuna haja ya kuusimulia. Nitasema tu kwamba nilishangaa jinsi nilivyochukia mwandiko wangu. Kabla mwaka haujaisha nilikuwa nimeifuta ile sheria kwa mafuta ya taa, kwa mkono wangu, kina mama wakinitazama na hakuna aliyenitukana. Tangu siku ile, awe mgongoni, awe kifuani, kila mtoto alikuwa akitaja jina lake au kutajiwa, nami namwandika, bila kumnyooshea kidole. Wapo walionisifu kwamba nimebuni utaratibu mzuri. Miaka iliyofuata nilifanya kazi ofisi nyingi, nimehesabu kaya, wapiga kura, miche ya kahawa, na kila mara ninapofika mwisho na hesabu kukubali, nairudia tangu mwanzo. Hesabu ikikataa napumua, maana najua bado tunatafuta.

Asubuhi ya Jumanne ile, siku ya pili ya ajali, tulitoka mapema, mzee, Deo na mimi, ukungu ukiwa bado juu ya maji. Sikuchukua daftari. Deo ndiye aliyeona rangi ya njano ndani ya mafunjo, kwenye kisiwa cha majani kinachoelea kando ya matete, si mbali na pale tulipozunguka jana yake mara mbili. Tuliusukuma mtumbwi ndani kwa makasia. Alikuwa amekaa juu ya mafunjo yaliyolala, maji yamemfika kiunoni, dumu amelikumbatia, uso umevimba kwa mbu mpaka macho yamekuwa mistari. Alikuwa msichana wa miaka mitano hivi. Deo alipomwona alisema jina la Yesu. Mimi niliruka majini, yakanifika kifuani, nikanyoosha mikono. Akaniona. Na huyo mtoto aliyekuwa amekaa ziwani mchana na usiku alifanya jambo ambalo nikilifikiria bado naweka mkono mdomoni: aliinama, akajilaza ndani ya maji, akavuta majani yamfunike.

"Usiogope," nilimwambia kwa Kihangaza. "Njoo. Njoo, mama yako anakusubiri."

Alitoa uso nusu. Meno yalikuwa yakigongana. "Wewe ni karani," alisema, kwa Kirundi.

"Ndiyo."

"Jana ulipita na daftari. Nikajificha."

Mzee aliniuliza mtoto anasema nini. "Na jioni," nilimuuliza mtoto, "hukunisikia nikikuita?"

"Nilikusikia."

"Mbona hukuitika?"

"Mama alisema nisitikisike, nisitoe sauti. Alisema karani akiniona tutashushwa."

Nilimfikia nikamshika kwapani, mwili wake wa baridi, mwepesi, na hakunishika. Aliacha nimbebe, dumu bado mkononi, kamba imemkata ngozi. Mzee na Deo walimpokea wakamfunika shati na koti. Nilipanda nikampakata mapajani. Deo akawasha injini. Yule mtoto alinitazama muda mrefu, hakutazama nchi kavu wala kitu kingine, kisha akanong'ona, kwa adabu, jinsi mtoto anavyomwuliza mwalimu.

"Sasa umeniona. Mama atashushwa?"

Nikamwambia hapana. Nikamwambia mara ya pili, na ya tatu, kwa lugha zote nilizokuwa nazo, kwamba mama hatashushwa, kwamba hakuna atakayeshushwa. Alipoamini, ndipo akafungua kinywa akaanza kulia, kwa sauti kubwa, iliyovuka maji mpaka mchangani, sauti ya mtoto ambaye sasa ameruhusiwa kusikika.